Kupima nyonga kwa sensa za kubandika bila kudanganywa na ngozi

Jamani sensa ya mwendo, kile kidude kinachosoma nyonga imejikunja digrii ngapi, ukiibandika pajani haipimi mfupa, inapima ngozi, na ngozi ya paja inatelezateleza juu ya mfupa hata sentimita nzima na zaidi mtu akitembea tu. Watu wananunua vifaa vya bei mbaya wakijua wamemaliza, kumbe shughuli iko kwenye kubandika.

Kwanza unahitaji sensa mbili, moja ya paja na moja ya fupanyonga. Ukiweka ya paja peke yake mgonjwa akalala chali akavuta goti kifuani, mwishoni matako yananyanyuka na kiuno kinajikunja, we unaandika digrii 140 za nyonga wakati nyonga yenye afya kabisa inaishia kama 120 hivi.

Ya fupanyonga iweke nyuma, katikati ya vile vishimo viwili vya chini ya mgongo, mfupa pale uko karibu, ila isiguswe na mkanda wa suruali. Ya paja iende upande wa nje, theluthi ya chini, sio mbele maana msuli wa mbele ukikaza unaisukuma, na usishuke mpaka jirani na goti maana goti likikunjwa ngozi ya hapo inavutika yote. Nyoa nywele, futa na spiriti, acha ikauke kweli, gundi ya pande mbili, halafu bandeji ya kuvuta juu yake lakini isibane mpaka nyama itokeze pembeni.

Sasa kabla ya kurekodi chochote mwambie akaze paja bila kusogeza mguu. Namba ikiruka digrii kadhaa hapo ni ngozi na msuli tu, nyonga haijaenda popote, kwa hiyo bandua uhamishe. Hiki kijaribio cha sekunde tano wengi wanakirukaga sijui kwa nini.

Kalibresheni, yaani kuionyesha sensa sifuri iko wapi: asimame wima ametulia sekunde 10, vidole vya miguu vinatazama mbele, hiyo ndo sifuri yako. Halafu agande juu ya mguu mmoja ameshika meza, ule mwingine aupeleke mbele na nyuma polepole mara tano goti limenyooka, programu itajua mhimili uko wapi, maana hakuna binadamu anayebandika sensa ikakaa sawasawa kabisa. Na hapa kuna mtego: mtu ambaye nyonga yake imekaza haiwezi kunyooka, akisimama tayari imekunjika, sasa ukiita hapo sifuri umelifuta tatizo lenyewe ulilokuja kulipima!! Huyo mpime kwanza na gonyometa (rula ya kupimia pembe ya kiungo) kitandani, ujumlishe baadaye.

Magnetometa, yaani dira iliyomo ndani ya sensa, inachanganyikiwa na vitanda vya chuma na nondo za sakafuni, kama programu inaruhusu izime. Ila ukiizima, namba za jairoskopu, kile kipima mzunguko cha humohumo kwenye sensa, zinahama taratibu, kwa hiyo rekodi vipande vifupi, na kila kimoja kianze na kiishe mtu amesimama vilevile. Mwisho usiporudi karibu na sifuri, tuseme umepotea digrii 5, kitupe urudie. Vipimo 100 kwa sekunde vinatosha kwa kutembea, na kichujio cha hezi 6 kwenye programu, kinachopitisha miondoko ya polepole tu, kinaondoa mtikisiko wa kisigino kikigonga chini.

Kutembea kwa kawaida nyonga inajikunja kama 30 mbele na kunyooka kama 10 nyuma, jumla 40 hivi, ukiona 70 usifurahi, kuna kitu kimelegea. Kukunja na kunyoosha namba zake naziamini. Kuzungusha paja ndani na nje siziamini kabisa, mfupa unazunguka ngozi inabaki nyuma, hiyo mkalishe ukingoni mwa kitanda goti digrii 90 utumie gonyometa.

Huna sensa? Simu mbili zenye phyphox, programu ya bure ya chuo cha RWTH Aachen, zinasaidia kwa miondoko ya polepole tu maana simu ni nzito inadundadunda. Zigonganishe mwanzoni ili ule mgongano uupate kwenye rekodi zote mbili uoanishe muda.

Ukimaliza chora mipaka ya sensa kwa kalamu na upige picha kabla hujabandua, wiki ijayo utabandika palepale.