Kuigiza Twelfth Night kwa Kiswahili kwa watazamaji wa Mwanza

Waigizaji 13, uwanja wa wazi na wiki sita za mazoezi zinatosha kuipandisha jukwaani Twelfth Night, futuhi (tamthiliya ya kuchekesha) ambayo Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1601. Kumbukumbu ya kwanza ya kuchezwa kwake ni ya tarehe 2 Februari 1602, London. Jina lake, Usiku wa Kumi na Mbili, ni la usiku wa kufunga sherehe za Krismasi, siku za mizaha na kupinduana vyeo. Zamani hizo wanawake hawakuruhusiwa kwenye majukwaa ya watu wote huko Uingereza, kwa hiyo Viola alichezwa na mvulana aliyejifanya msichana anayejifanya mvulana. Ninyi mna bahati ya kumpa msichana nafasi hiyo.

Kanuni ni moja tangu kugawa nafasi hadi wimbo wa mwisho: kila dakika mtazamaji ajue nani anajua nini. Akipotea hapo, hacheki hata mchekeshaji afanye nini.

Kisa, kama cha kuwasimulia waigizaji siku ya kwanza

Viola na Sebastian ni mapacha, msichana na mvulana. Chombo chao kimevunjika baharini, na kila mmoja ameokolewa peke yake akiamini mwenzake amekufa maji. Viola anajikuta pwani ya Illyria asikokuwa na ndugu. Anavaa nguo za kiume, anajiita Cesario, na kuingia utumishini kwa Orsino, mtawala wa nchi. Orsino anampenda Olivia, mwanamke tajiri aliyefiwa na baba, kisha na kaka, na aliyeapa kukaa kwenye msiba miaka saba. Cesario anatumwa kumbembeleza. Olivia anamkataa bwana na kumpenda mjumbe, na mjumbe naye moyoni tayari ni wa bwana wake. Hapo Sebastian anaingia mjini. Olivia anamdhania Cesario, anamvuta hadi kwa padri, na Sebastian, asiyeelewa kitu, anakubali.

Kando ya hayo, nyumbani kwa Olivia kuna kundi lisilolala. Toby ni mlevi na ni mtu wa ukoo wake. Andrew ni rafiki wa Toby, bwege mwenye hela, anayekamuliwa kwa ahadi kwamba ataozwa Olivia. Maria ni mtumishi mwenye akili kuliko wote humo, na Feste ni mchekeshaji wa nyumba. Wanne hao wana adui mmoja, Malvolio, msimamizi wa nyumba, mtu wa adabu kali na majivuno ya siri. Maria anaghushi barua ya mapenzi kwa mwandiko unaofanana na wa Olivia ili kumnasa.

Mshenga, mjomba na shikamoo

Kiswahili kinawapa neno ambalo Waingereza hawana: Cesario ni mshenga. Mkilitumia mapema, nusu ya mzaha imeshajengeka, kwa sababu kila mtu Mwanza anajua mshenga huwa mtu mzima mwenye heshima, na Orsino anampeleka kijana asiye hata na ndevu. Sababu yake inasemwa katika tamthiliya yenyewe: anaamini Olivia atamsikiliza kijana kuliko mtu mwenye sura ya uzee. Msiikate hoja hiyo.

Toby anamwita Olivia mpwa wake, na hapa mtafsiri lazima achague. Mkimfanya baba mdogo, mtaharibu kisa: baba na kaka wamekufa, hivyo posa ingepaswa kupelekwa kwake, na watazamaji watauliza kwa nini Orsino anahangaika mlangoni kwa binti. Mjomba ndiye anayefaa. Mjomba ana ruhusa ya utani, anaweza kuishi humo ndani akila na kunywa, na hakuna anayemngoja aamue ndoa.

Salamu nazo zifanye kazi. Cesario anapofika mara ya kwanza anasema shikamoo, na Olivia, uso umefunikwa, anajibu marahaba kwa ubaridi. Katika sehemu ya tatu, onyesho la kwanza, Cesario anarudi na kumtolea heshima zote za mtumishi. Olivia anampa mkono na kumuuliza jina. Asijibu marahaba. Marahaba ingemfanya mkubwa wake, na anayependa hataki kuwa mkubwa. Kimya hicho kikae kwa pumzi mbili nzima. Waigizaji wengi hukikimbilia kwa kuogopa ukimya, na uwanja wote unakosa kuona kilichotokea.

“Yeye” haina jinsia: faida na hasara

Katika Kiingereza kiwakilishi hutaja jinsia. Katika Kiswahili “anampenda” haisemi ni nani kwa nani. Faida yake ni kubwa katika sehemu ya pili, onyesho la nne. Orsino anamuuliza Cesario kama kuna mwanamke anayempenda, yukoje, ana umri gani. Viola anajibu: ana sura kama yako, ana umri kama wako. Kwa Kiswahili hajadanganya hata silabi moja. Orsino aseme “mwanamke” kwa sauti. Viola asilitamke neno hilo kabisa katika majibu hayo.

Hasara inakuja mkizembea na majina ya undugu. “Ndugu yangu amezama” haimwambii mtazamaji kwamba aliyezama ni mvulana, na bila kujua hilo mapema hatamtambua Sebastian atakapoingia. Viola aseme “kaka yangu, pacha wangu”, na arudie. Sebastian aseme “dada yangu”. Pia ulindeni mpaka wa kuoa na kuolewa. Katika onyesho la mwisho Sebastian anamweleza Olivia kwamba alikuwa karibu kufunga ndoa na msichana; “ungeolewa na mwanamke mwenzio” inatosha kuangusha uwanja, alimradi tangu mwanzo hakuna aliyechanganya vitenzi hivyo viwili.

Usukumani pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, awe wa kike au wa kiume. Tamthiliya haisemi nani alitangulia kuzaliwa, ila kwamba walizaliwa ndani ya saa moja. Msibadilishe majina ya Viola na Sebastian, lakini mhusika mmoja akipaza sauti “Kulwa na Doto!” wanapoonekana pamoja mwishoni, hakuna atakayehitaji maelezo. Antonio, nahodha aliyemwokoa Sebastian, anawafananisha na tunda lililokatwa vipande viwili. “Shilingi kwa ya pili” inakaa vizuri mahali pake.

Maleba ya mapacha

Msitafute sura zinazofanana. Kutoka mita 15 sura haionekani; kinachoonekana ni rangi, umbo na mwendo. Chagueni wawili wasiopishana urefu zaidi ya sentimita 5 hivi, kisha wapeni shati la rangi moja kali ambayo hakuna mwingine jukwaani anaivaa, suruali moja, kofia ya aina moja isiyo na ukingo mbele, maana ukingo hufunika macho. Kwa kitambaa, mitumba ya soko la Mlango Mmoja haitoshi, kwa kuwa ni vigumu kupata mashati mawili sawa. Nunueni mita nne za kitambaa kimoja, mpeni fundi mmoja ashone yote siku moja.

Kuna mstari mmoja, mwishoni mwa onyesho la nne la sehemu ya tatu, ambao vikundi vingi huukata bila kujua thamani yake: Viola anasema kwamba kaka yake alikuwa akivaa hivi hivi na kwamba anamuiga yeye. Huo ndio unaoeleza kwa nini wamevaa sawa. Ukikatwa, mtazamaji makini ataona ni bahati tupu.

Nywele fupi hazimfanyi msichana aonekane mvulana hapa kwetu, kwa sababu wanafunzi wa kike wengi hukata nywele. Alama zenu ni suruali, hatua ndefu na namna ya kusimama. Viola aanze amejifunga kanga na kushika pindo lake. Akishavaa suruali, mkono wake utafute pindo lisilokuwepo kila anapoogopa. Kifua kibanwe kwa fulana ya michezo, si bandeji. Bandeji hukata pumzi na sauti haifiki nyuma.

Nguo za kike za Viola ziko kwa nahodha aliyemwokoa yeye, si Antonio, na nahodha huyo amefungwa kwa mashtaka ya Malvolio. Kwa hiyo Viola anamaliza igizo akiwa bado na suruali, na Orsino bado anamwita Cesario. Msimletee gauni la harusi.

Chombo kilichozama

Watazamaji wa Mwanza hawasikii habari ya meli iliyozama kama watu wa mahali pengine. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija hapa, na makaburi ya waliokufa yapo Igoma. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua zaidi ya watu 200. Kwenye viti vyenu kutakuwa na waliofiwa. Shakespeare mwenyewe haonyeshi ajali; anaanza baada yake, na ninyi fanyeni vivyo hivyo. Msiweke mayowe wala ngoma ya dhoruba. Viola aingie kimya, kanga imelowa, aulize hii ni nchi gani. Nahodha ampe tumaini lake dogo: alimwona kaka yake amejifunga kwenye mlingoti akielea. Mkiheshimu dakika hizo tano, kukutana kwa ndugu hawa mwishoni kutawafikia watu mahali ambapo kichekesho hakifiki. Pale napo wasikimbiliane. Wanaulizana kwanza jina la baba, alama kwenye paji la baba huyo, na siku baba alipokufa, Viola akiwa na miaka 13. Ni watu wanaoogopa kuamini. Waacheni mbali, hatua nne au tano.

Malvolio na soksi za njano

Barua inamwambia avae soksi za njano zilizofungwa kamba za kupishana, na atabasamu muda wote. Olivia anaichukia rangi hiyo, na yuko msibani. Soksi ndefu za mpira wa miguu zinafaa, na kamba nyeusi za viatu. Vazi lake lingine liwe jeusi au kijivu. Kijani kisikaribie: njano na kijani pamoja ni Yanga au ni chama, na uwanja utaanza kushangilia jambo lingine.

Anaposoma barua, Toby, Andrew na Fabian, mtumishi mwingine wa Olivia, wamejificha. Kosa la kawaida ni kuwaficha vizuri mno. Malvolio awatazame watazamaji, wao wawe nyuma yake, vichwa vikitokeza juu ya jiwe, na mawe Mwanza hayana shida. Herufi M, O, A, I zilizomo kwenye barua zote zimo katika jina lake ila si kwa mpangilio. Aziandike hewani kwa kidole, kubwa. Andaeni nakala tatu za barua, jasho na mikono hula karatasi.

Kisha mzaha unageuka. Wanamfungia gizani wakimwita kichaa, na Feste anajifanya padri kuja kumpima. Tenga kubwa la samaki lililopinduliwa, mkono wake ukitokeza, linatosha kuwa chumba. Feste asiige mhubiri yeyote anayejulikana mjini. Na Malvolio asichezwe kama mwehu: ana akili timamu humo ndani, anaomba taa, kalamu na karatasi. Wasukuma wanajua utani una mpaka wake, na hapa umevukwa. Kicheko kikipungua chenyewe, mmefanya sawasawa. Anapoondoka akiapa kulipiza kisasi kwa wote, asirudi kuinama na wenzake hadi wimbo umekwisha.

Kupunguza na kugawa

Maonyesho ni 18, na yote yakichezwa huchukua zaidi ya saa mbili na nusu. Lengeni dakika 110. Kateni jina la pili ambalo Sebastian alijiita, na michezo ya maneno ya Feste inayotegemea Kiingereza. Kateni pia kauli kwamba Cesario amefahamika siku tatu tu, kwa kuwa mwishoni Orsino anasema miezi mitatu. Zaidi ya nusu ya tamthiliya ni nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, kwa hiyo Toby na wenzake waongee Kiswahili cha mtaani kilicho safi. Orsino na Viola wapewe mizani bila vina. Nyerere, mtu wa ukanda huu huu wa ziwa, alikwisha kuonyesha katika Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthiliya nyingine ya Shakespeare, mwaka 1969 kwamba inawezekana.

Valentine, mtumishi wa Orsino, achezwe na atakayekuwa Fabian; nahodha wa mwanzo awe padri; Curio, mtumishi mwingine wa Orsino, awe askari. Nahodha huyo asiwe Antonio, maana manahodha wawili wenye sura moja watavuruga kila kitu. Panga za Andrew na Cesario, wanaochochewa na Toby wapigane, ziwe fimbo nyepesi za mita moja, na pambano lifanyiwe mazoezi taratibu kila siku. Vifaa vingine ni pete, mfuko wa fedha na lulu. Kila kimoja kina mtu mmoja wa kukitunza, kwa sababu Antonio anampa Sebastian mfuko wake, kisha anamdai Viola akimdhania Sebastian; mfuko ukisahaulika, ugomvi huo haueleweki.

Jua na upepo

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, hivyo jukwaa lenye mgongo kwa maji hupeleka sauti kwa watu. Lakini sehemu kubwa ya ufukwe wa jiji inatazama magharibi, na kuanzia saa kumi jioni jua litawachoma watazamaji machoni. Geuzeni jukwaa ziwa liwe ubavuni, au tafuteni jiwe refu la kuleta kivuli. Anzeni saa kumi kamili, mmalize kabla ya giza, kwani taa zikiwashwa karibu na maji wadudu wa ziwani hujaa hadi kinywani mwa anayeimba.

Na wa mwisho kuimba ni Feste, peke yake, wimbo wa mvua inayonyesha kila siku. Zeze moja inatosha. Wengine wote watoke, wawili wawili, Antonio bila mtu.