Intaneti ya nyumbani inasuasua? Pitia hizi setingi kabla hujapanda kifurushi

Jamani naandika hii kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza mbona intaneti ya kwake ipo slow, na wengi wao washaamua kulipia kifurushi kikubwa zaidi wakati shida ipo humo humo ndani ya nyumba. Naongelea kompyuta ya Windows 10 au 11 maana ndo wengi tunazo.

Kwanza kabisa usiguse setingi yoyote kabla hujapima. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter, litafunguka lile dirisha jeusi. Andika ipconfig, piga Enter, tafuta mstari wa Default Gateway, hiyo ndo namba ya ruta yako (kile kiboksi kinachokusambazia Wi-Fi), mara nyingi inakuwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping, acha nafasi, weka hiyo namba, acha nafasi tena, malizia na -n 20. Kompyuta itaipigia ruta hodi mara 20 na kukuonyesha kila jibu limechukua milisekunde ngapi. Ruta ipo hapo hapo ndani kwa hiyo majibu yanatakiwa yarudi kwa milisekunde 1 mpaka 5 hivi. Ukimaliza rudia kwa ping 8.8.8.8 -n 20, hapo unapiga hodi nje, kwenye seva za Google. Ruta ikijibu chap ila nje kunachelewa, tatizo lipo mbele ya ruta, na kuna siku halipo hata kwa kampuni yako, kama ile Mei 2024 nyaya za baharini za EASSY na Seacom zilipokatika, ukanda mzima tukateseka na hakuna setingi ambayo ingekuokoa. Lakini ruta yenyewe ikichelewa kujibu, ongeza bando unavyotaka, utaumia bure.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada yangu Tabata, binti yake anafuatilia masomo kwa video na picha inaganda kila dakika, mtoto karibu alie. Nikapiga ping kwa ruta, zikaja 180, 241, 96, Request timed out (yaani jibu halikurudi kabisa), 310. Ruta yenyewe ipo hatua sita kutoka mezani! Nikaenda kuiangalia, kumbe imesukumwa nyuma ya TV, chini kabisa, imebanwa na stabilaiza. Tukaipandisha juu ya kabati, nikaingia kwenye setingi zake na kwa kuwa inarusha Wi-Fi mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, nikaipa ya 5 jina lake tofauti na ile ya 2.4, laptopu nikaiunganisha na ya 5. Ping zikaja 2, 3, 2, 2. Kifurushi kile kile, hatujalipa hata shilingi.

Ile ya 2.4 inapenya kuta vizuri na inafika mbali, ila kwenye nyumba za kupanga au fleti majirani wote wamejazana humo. Kama lazima uitumie, kwenye setingi za ruta chagua chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani. Na kama kompyuta yako ni ya mezani haihami hami, nunua waya wa mtandao uichomeke kwenye ruta moja kwa moja, huo hauna mpinzani.

Haya, tuje kwenye DNS, hapa ndo watu wengi wanasikia tofauti kwenye kufungua kurasa. Kompyuta haijui jina la tovuti linaelekea wapi, lazima iulize seva ya DNS, kama wewe unavyofika mtaa mgeni ukauliza kijiweni kwa mzee fulani ni wapi. Sasa ukurasa mmoja wa habari wenye picha na matangazo unaweza kuchukua vitu kutoka seva nyingi tofauti, kila jina linaulizwa, na unayemuuliza akiwa mzito ukurasa unakaa mweupe tu hata kama spidi yako ni kubwa. Bonyeza Windows na R pamoja, andika ncpa.cpl, utaona mitandao yako. Bonyeza kulia kwenye unaoutumia, ingia Properties, chagua Internet Protocol Version 4, Properties tena, halafu weka alama kwenye Use the following DNS server addresses. Jaza 1.1.1.1 na 1.0.0.1 za Cloudflare, au 8.8.8.8 na 8.8.4.4 za Google. Ipi uchague? Zipigie ping zote mbili, chukua inayojibu haraka kwako. Ukishasevu rudi cmd uandike ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutike. Ukihisi hakuna nafuu yoyote, au ukipeleka laptopu ofisini au hotelini na ukurasa wa kulogin ukagoma kutokea, rudisha kwenye Obtain DNS server address automatically.

Kingine kinachokula mtandao kimya kimya ni Windows yenyewe. Ingia Settings, tafuta Delivery Optimization, zima ile ya kuruhusu kupakua apdeti kutoka kompyuta nyingine, maana ikiruhusiwa mpaka za intaneti inaweza kutuma apdeti kwa watu usiowajua kwa bando lako. Kama unatumia modemu au hotspoti ya simu, washa Metered connection (inaiambia Windows kwamba bando lina kikomo) kwenye huo mtandao, apdeti nyingi zitasubiri.

Mwisho, kuna ushauri unazunguka sana wa kuzima autotuning, yaani setingi ya Windows inayojipangia yenyewe data ipokelewe kiasi gani kwa mkupuo, tafadhali usiufuate. Ukiizima, kila muunganisho unapokea kilobaiti 64 tu kabla seva haijasubiri jibu lako, sasa seva ikiwa Ulaya na jibu linachukua milisekunde 150, hutavuka megabiti 3 na nusu kwa sekunde kwenye faili moja hata kama unalipia 50. Kama ulishaizima, fungua cmd kwa Run as administrator, andika netsh int tcp set global autotuninglevel=normal, piga Enter, ikijibu Ok umemaliza.