Kuilinda Ndoa Mwenzi Anapotumwa Kazini na Jeshi

Tangu wanajeshi wa Kenya waingie Somalia mnamo Oktoba 2011, familia za wanajeshi huku Mtongwe na Likoni, Mombasa, zimejua maana ya kukaa miezi kadhaa bila baba, au bila mama, maana wanawake nao hutumwa. Wengi huhofia kipindi cha kutengana. Kwa maoni yangu, mtihani mkubwa huja mwenzi anaporudi, na maandalizi yake huanza kabla hajaondoka.

Kwanza, zungumzeni fedha kinagaubaga: kodi ya nyumba, karo, na matumizi ya wazazi wa pande zote mbili. Malipo ya kila mwezi yawekewe agizo la kudumu benki, kwa kuwa M-Pesa humtaka mtumaji awe na mtandao, na kambini mtandao haupatikani kila siku. Mume naye awaambie ndugu zake, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba amemwachia mkewe maamuzi ya nyumba. Asipofanya hivyo, mawifi watamhoji mama wa watu kila anapovuka feri kwenda mjini.

Wakati wa kutengana, kubalianeni kwamba kimya si hasira, kwani asiyejibu huenda yuko doria. Msigombane kwa ujumbe wa simu, na msitaje aliko wala tarehe ya kurudi katika makundi ya WhatsApp.

Akisharudi, atakuta nyumba imejifunza kujiendesha. Mtoto anayetaka ruhusa ya kwenda kutembea bustani ya Mama Ngina hupita sebuleni alipoketi baba, akaenda kumwomba mama jikoni. Mtoto hana utovu wa adabu, ni mazoea tu. Lakini baba huumia, na wengi hujibu kwa kutoa amri mpya papo hapo. Afadhali ashike jukumu moja kwanza, kama kuwapeleka watoto madrasa, na mengine ayarudie kidogo kidogo baada ya kushauriana na mkewe.

Mke asimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Hata hivyo, akishtuka usingizini, akifoka ovyo au akijitenga kwa zaidi ya mwezi mmoja, anahitaji daktari, na ni vyema mkewe aandamane naye hadi ndani, kwa sababu aghalabu mgonjwa akiulizwa peke yake hujibu kwamba analala vizuri.