Kupanda ndege na mtoto anayejifunza kukimbia: Dar hadi Mwanza, hatua kwa hatua

Mtoto wa miezi minne ukimnyonyesha, analala. Wa miaka mitano ukimpa dirisha, anatulia. Kazi ipo kwa huyu wa katikati, wa mwaka mmoja hadi mitatu, aliyeigundua miguu yake juzi na haoni sababu ya kuikunja. Nimekata tiketi kwenye ofisi ya wakala hapa Dar kwa miaka minane, na wanangu wawili nimewapeleka kwa bibi yao Mwanza wakiwa katika umri huohuo.

Watu huniuliza atafanyaje angani. Angani ni saa moja na nusu tu, inapita. Kinachommaliza mtoto ni zile saa tatu za kabla: kuamshwa usiku, foleni ya barabarani, foleni ya ukaguzi, "kaa hapa", "acha hicho". Akifika kwenye kiti, uvumilivu wake umeshaisha, na wako pia. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina shabaha moja, mtoto aingie ndegeni akiwa bado na akiba.

Hatua ya 1: Hesabu umri, bei baadaye

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa, na nauli yake kwa kawaida huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 anatakiwa kiti chake. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba umri unatazamwa kwa kila safari, kwenda na kurudi. Tuseme mnaondoka Desemba 20 na kurudi Januari 4, na mtoto anatimiza miaka 2 tarehe 28. Kwenda atapakatwa, kurudi anadaiwa kiti. Usipomwambia anayekukatia tiketi, utaambiwa kaunta, siku ambayo ndege imejaa watu wa sikukuu na kiti hakipo kwa bei yoyote. Nimeshapigiwa simu za namna hiyo, mzazi yuko uwanjani, mtoto analia nyuma yake. Hakuna wakala anayeweza kukusaidia saa hiyo.

Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja. Mwenye mapacha atafute mwenzake wa kusafiri naye, au mmoja wao anunuliwe kiti. Na mkiwa familia mbili zenye watoto wa kupakatwa, msishangae mkitenganishwa safu. Barakoa za oksijeni za ziada juu ya kila safu zina idadi yake.

Maoni yangu: mtoto akishafika miezi 18, kama mfuko unaruhusu, mnunulie kiti hata kama hadaiwi. Kama hauruhusu, safiri Jumanne au Jumatano, siku ambazo uwezekano wa kupata kiti kitupu pembeni yako ni mkubwa kuliko Ijumaa.

Hatua ya 2: Chagua saa kwa usingizi wake

Ndege ya alfajiri mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayowaponza wengi. Ndege ikiondoka saa 12 asubuhi, ukitokea Tegeta au Mbagala unamwamsha mtoto saa 8 usiku. Ile elfu thelathini uliyookoa utailipa kwa kilio. Mimi huchagua ndege ya saa 4 au saa 5 asubuhi: ameamka mwenyewe, amekunywa uji, amecheza, na usingizi wa mchana unamkuta yuko kwenye kiti.

Hapa niseme jambo linaloonekana dogo. Tiketi huandikwa kwa saa 24. 06:00 ni saa 12 asubuhi yetu, wala si saa sita. Hatari zaidi ni ndege za usiku, kwa mfano mnaokwenda Maskati kwa ndugu. Tiketi ikisema tarehe 15, 00:45, maana yake ni saa 6:45 usiku, na mnatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Kuna familia nzima iliyofika uwanjani na mabegi saba, wamependeza, usiku wa tarehe 15. Ndege yao ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hatua ya 3: Karatasi

Kwa safari ya ndani, beba cheti cha kuzaliwa cha RITA na upige picha yake kwenye simu. Hicho ndicho kinachoonyesha umri, na mwenye kaunta ana haki ya kukiomba.

Nje ya nchi mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Kama chanjo ya homa ya manjano inatakiwa huko mnakokwenda, cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo msiende kuchanja wiki ya safari. Mzazi anayesafiri peke yake abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili. Huenda asiulizwe. Akiulizwa bila barua, ataisimulia safari hiyo miaka mingi.

Hatua ya 4: Kiti

Uliza ndege ni aina gani. Kwenye bombadia, ile ya mapanga, viti ni viwili huku na viwili kule. Kwenye Airbus A220 upande mmoja una viwili na mwingine vitatu. Mama peke yake na mtoto wa kupakatwa achukue upande wa viwili, dirishani. Baba na mama wakiwapo, upande wa vitatu, na mmoja wenu akae kwenye ujia kama ukuta.

Mtoto asikae upande wa ujia. Chai hupita pale, ya moto, usawa wa mkono wake.

Hatua ya 5: Begi moja, mkononi

Begi kubwa liende na mizigo. Mkononi baki na moja la mgongoni, ili mikono yote miwili iwe ya mtoto. Ndani yake:

- Pampasi: moja kwa kila saa mbili tangu mlango wa nyumbani, kisha ongeza tatu. Hizo tatu ni za ndege kuchelewa.
- Nguo za kubadili za mtoto, na blauzi yako. Watu husahau ya kwao, halafu wanashuka Mwanza wananuka maziwa.
- Kopo la Blue Band la kilo moja, tupu, lenye mfuniko. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku, na hii mifuko mbadala inapitisha harufu. Pampasi iliyokunjwa vizuri inaingia humo na hakuna jirani atakayejua.
- Kanga mbili. Moja shuka, moja pazia, moja taulo, moja mbeleko. Ndiyo, kanga mbili.
- Chakula kikavu kinacholiwa polepole: ndizi, chapati iliyokatwa vipande vidogo. Karanga zibaki nyumbani, zinapalia.
- Vitu vitatu vya kuchezea ambavyo hajaviona kwa wiki mbili. Vifiche sasa hivi.

Uji na maziwa ya mtoto huruhusiwa hata kwenye safari za nje zenye kikomo cha mililita 100, ila mwoneshe mkaguzi kabla hajauliza.

Kuhusu Piriton ya kumlaza, najua shangazi ameshakushauri. Usimpe. Ni dawa ya mzio, na wapo watoto ambao badala ya kusinzia huchachamaa.

Hatua ya 6: Uwanjani, mwache akimbie

Fika mapema, halafu usimkalishe. Kwenye ukaguzi utatakiwa kumtoa mbelekoni, kwa hiyo uwe umemvua na viatu kabla zamu yenu haijafika. Kigari cha kukunja huruhusiwa mara nyingi hadi karibu na ndege. Omba lebo yake kaunta.

Wakitangaza kwamba wenye watoto watangulie, msiende wote. Baba aende na begi, apange viti, awe tayari. Wewe na mtoto endeleeni kuzunguka ukumbini hadi foleni ibaki na watu watano. Umempunguzia dakika ishirini za kufungwa, na kwake hizo ni nyingi mno. Ukiwa peke yako fanya vivyo hivyo, begi la mgongoni halichukui nafasi.

Hatua ya 7: Kupaa, na hasa kushuka

Mhudumu atakupa mkanda mdogo unaopita kwenye mkanda wako. Mbeleko haishiki nafasi yake, hata uifunge vipi.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka, na kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, wakati bado hujahisi kitu. Mirija inayounganisha sikio na koo kwa mtoto ni myembamba, na kinachoifungua ni kumeza. Usimpe maziwa yote mnapopaa. Bakiza nusu. Injini zikipunguza sauti, mnyonyeshe au mpe kikombe, na kama amelala mwamshe taratibu, maana aliyelala hamezi sana. Akiwa na mafua makali au sikio linamsumbua, mpeleke kwa daktari kabla ya siku ya safari.

Sasa kile kikombe. Cha mrija, chenye kifuniko kinachobana, usikifungue karibu na mtu. Hewa iliyofungiwa ndani mkiwa chini hutanuka mkiwa juu, kwa sababu shinikizo la ndani ya ndege ni dogo kuliko la Dar. Mimi nilikifungua juu ya mapaja ya binti yangu, juisi ya ukwaju ikaruka kama bomba lililopasuka na kutua kwenye kanzu nyeupe ya mzee aliyekaa pembeni. Mzee alitazama kanzu, akamtazama mtoto, akasema, "Huyu atakuwa fundi bomba." Tangu hapo nakizungushia kanga kwanza, nalegeza kifuniko kidogo, nasikia *fss*, ndipo nafungua. Na ndani naweka maji.

Hatua ya 8: Mwanza

Subirini wengine washuke. Mmoja akangoje mabegi, mwingine atoke na mtoto nje moja kwa moja. Mwambie bibi kabla, kwa simu, kwamba asimdake mlangoni. Mtoto wa umri huu aliyetoka kwenye kelele za injini anahitaji dakika chache mguuni kwa mama ndipo amkubali mtu aliyemwona mwisho miezi sita iliyopita. Mama mkwe wangu hukubali kwenye simu na kumdaka palepale.

Usiku huohuo fungeni chandarua, Kanda ya Ziwa malaria ni nyingi kuliko Dar. Na zile pampasi tatu za akiba zirudishe kwenye begi la mgongoni kabla hujalala. Mkishaanza kula sato, hamtazikumbuka hadi asubuhi ya kurudi.