Regresioni yenye kubakia parametri moja tu: mfano wa bei ya chukudu

Regresioni ni kutafuta mstari wenye kupita karibu na namba zako. Mara mingi naonaka banafunzi bakipewa modeli y = a + bx, na a iko inajulikana kabisa, lakini banaanza kutafuta parametri zote mbili, a na b. Hapana! Kama a unaijua, kazi yako ni b peke, na hesabu inakuwa fupi sana.

Tuseme hapa Goma, ku soko Virunga, benye chukudu (trottinette ya mbao ya kubeba mizigo) banakata 1000 franka ya kupakiza, ile haibadilike, kisha bei inapanda kufatana na kilometa. Mu kaye yako umeandika safari tatu: kilometa 2 ulilipa 2100, kilometa 3 ulilipa 2400, kilometa 5 ulilipa 3600. Hapa x ni kilometa, y ni bei, a ni ile 1000, na b njo bei ya kilometa moja.

Kwanza tosha 1000 ku kila bei, inabakia 1100, 1400 na 2600. Kila moja uizidishe na kilometa zake, unapata 2200, 4200 na 13000, jumla 19400, halafu kilometa zenyewe uzipige kare, 4 na 9 na 25, jumla 38. Gabula 19400 kwa 38: karibu 511 franka ku kilometa, basi, njo b yako.

Ile 1000 usiisahau hata kidogo, juu ukiiacha ndani utapata 774, na hapo utasema benye chukudu banaiba batu wakati kosa iko ku hesabu yako.

Sasa angalia tofauti kati ya bei na mstari (1000 + b mara kilometa): karibu 79, -132 na 47. Jumla yake haiko zero, usiogope, inakuwaka zero ya lazima kama a nayo ilitafutwa. Hapa yenye inapaswa kuwa zero ni kila tofauti mara kilometa yake, kisha ujumlishe.

Kare za hizo tofauti zinafika karibu 25800. Gabula kwa 2, juu safari ni 3 na parametri ni 1 (hapa bengi banagabula kwa n-2, n ikiwa hesabu ya safari, banakosea). Tafuta rasini, 114, ugabule kwa rasini ya 38: kosa ya b, ni kusema kadiri b inaweza kupotoka, ni karibu 18 franka.

Ku Excel ya Kifaransa andika =DROITEREG(bei;kilometa;FAUX), lakini weka bei zenye umeisha kutosha 1000, juu FAUX inalazimisha mstari upite ku zero. Na kama ile 1000 uliisikia tu njiani, enda uulize benye chukudu mbele ya kuanza, bakikuambia inabadilikaka, tafuta a na b zote mbili.