Kabla ya kwenda kuwatazama ndege wahamaji Dar

Ndege wadogo wanaotoka Ulaya na Asia hufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, na wengi huondoka Machi na Aprili, masika ikianza. Ukipanga Mei, umeachwa. Vizia asubuhi kavu baada ya mvua ya usiku, uwe umeshafika saa 12:30. Ikigonga saa 3 jua limekolea, ndege wametulia kivulini.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha. Ya 10x huvutia dukani, lakini hukuza hata mtetemo wa mkono na kwa kawaida huonyesha eneo dogo zaidi, kwa hiyo kandege kanachorukaruka majanini hukupotea. Adui mwingine ni kiyoyozi: darubini iliyolala chumba cha baridi ikitoka nje, lenzi hufunga ukungu papo hapo. Itoe barazani nusu saa kabla, ikiwa bado ndani ya mfuko wake uliofungwa. Usiifute kwa fulana, utaikwaruza.

Pugu ni msitu wa hifadhi, hivyo ulizia kibali na ada kwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) mapema, na vaa viatu vya kufunika mguu, maana siafu hawana simile. Bustani ya mimea ya mjini ni rahisi zaidi, ila iko jirani na Ikulu: darubini iangalie miti tu.

Kazi kubwa ni kuwajua ndege wenyeji kwanza. Anayehangaika majanini, kijani-kahawia, urefu wa sentimita 11 hivi, mwenye mstari mweupe-njano juu ya jicho na mdomo mwembamba ulionyooka, ni mhamaji. Chozi jike, yule ndege mdogo mnyonya maua, hufanana naye kwa mbali, lakini mdomo wake umepinda. Mkamata nzi mgeni ni kijivu-kahawia, ana michirizi kwenye paji na kifua. Huruka, hunasa mdudu, hurudi tawi lilelile. Ndugu yake wa hapa ni kijivu kitupu, hana michirizi. Mbayuwayu mgeni mtambue kwa mkanda mweusi kifuani. Usitegemee mkia mrefu: hubadilisha manyoya akiwa huku, na mara nyingi umekatika.

Chukua penseli, si kalamu ya wino. Mvua moja tu na maandishi yote yamechuruzika. Andika mdomo, jicho, kifua na mwendo wake kabla hujafungua kitabu cha ndege. Ukianza na kitabu, picha iliyo mbele yako itakulazimisha kuona michirizi isiyokuwepo.