Samaki mpya wa baharini, mhamishe kabla ya saa 72

Wadau wa akwariamu za maji chumvi hapa Dodoma, samaki akishushwa toka Dar msimtumbukize moja kwa moja kwenye tanki kubwa hata kama anaonekana mzima. Vile vidoti vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi ni kimelea, kikishashiba kinamwachia samaki kinadondoka chini kinajifungia kwenye ganda halafu baadae kinatoa watoto wengi wanaomrudia samaki yuleyule, sasa ujanja uko hapo, unamhamisha samaki kabla hao watoto hawajatoka kwenye ganda. Tafuta mabeseni mawili makubwa, maji chumvi mapya, hita na pampu ya hewa, na kabla saa 72 hazijaisha mhamishie beseni la pili, fanya hivyo mara 4, na maji ya zamani usiyabebe hata kikombe! Mchanga na mawe usiweke. Beseni lililotoka osha na vifaa vyake, anika vikauke kabisaaa, jua letu la saa saba linatosha sana. Dawa ya shaba nayo inaua kimelea ila bila kipimo unaua na samaki, kamba na matumbawe ndo hawaivumilii kabisa. Minyoo ya kwenye matamvua haitoki kwa kuhamisha, hiyo inataka prazikwanteli, dawa ya minyoo.